Kisu cha kukunja: jinsi ya kukipima kabla hujatoa pesa

Muuzaji wa visu akitaka kukuteka hufanya jambo moja tu. Anaokota kipande cha gazeti, anafungua kisu mbele ya macho yako, anapasua karatasi toka juu hadi chini kwa mkato mmoja, kisha anakutazama bila kusema neno. Wewe uliyekuja kuulizia bei tu unajikuta unahesabu noti. Mimi nilizihesabu. Kisu chenyewe kilikuwa na mpini unaometameta na vifaa saba ndani yake, na kilidumu siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nilikuwa nakata bomba la mpira la kumwagilia bustani. Loki ikaachia, bapa likajikunja juu ya kidole cha shahada, nikashonwa nyuzi tatu. Makali yalikuwa mazuri kweli. Kidole ni shahidi.

Tangu siku hiyo nikishika kisu cha kukunja, jicho langu linaanzia kwenye kiungo, pale bapa linapokutana na mpini. Makali ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kwenye kisu: jiwe la kunolea na robo saa vinayarudisha, na hata karakana mbovu inaweza kuyatoa mara moja kwa ajili ya lile gazeti. Kiungo kibovu hakina dawa. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume na maonyesho ya wauzaji: kiungo na loki kwanza, bapa baadaye, na majina ya vyuma ambayo watu hubishania sana yatasubiri.

Tukubaliane majina

Bapa ni sehemu yote ya chuma inayofunguka na kukata (si lile bapa la konyagi). Ukingo wake mwembamba ni makali, ukingo mnene ulio upande wa pili ni mgongo, na mwisho wake ni ncha. Kitako cha bapa ni kile kisehemu kisichonolewa kinachobaki ndani ya mpini. Kimetobolewa, na kwenye tundu hilo inapita pini ambayo bapa huzungukia. Ndani ya mpini visu vingi vina mabamba mawili ya chuma au shaba, moja kila upande, na baadhi vina springi ndefu inayolala mgongoni mwa mpini. Loki ni chochote kinacholizuia bapa lisijikunje likiwa wazi. Si kila kisu kina loki, na kutokuwa nayo si kasoro.

Kabla ya yote: kisu cha kazi gani?

Kumenya chungwa, kukata kamba, kufungua maboksi, kuchonga kijiti, kupunguza uzi wa nguo. Kazi za mfukoni ni hizi, na bapa la sentimita 6 hadi 9 linazimaliza zote. Anayetaka kupasua kuni anunue panga. Anayetaka kuchinja anunue kisu kisichokunjwa, kwa sababu kisu cha kukunja kina tundu na mianya mingi ambamo damu na mafuta hujificha na kuozea humo.

Vilevile, usinunue kisu kinachoruka chenyewe kwa kubonyeza kitufe. Nchi nyingi zimevipiga marufuku, na springi ile ni kitu kingine cha kuharibika.

Hatua ya 1: Kikague kikiwa kimefungwa

Wengi hukimbilia kufungua. Subiri. Kisu kitakaa mfukoni kikiwa kimefungwa kwa muda mrefu kuliko kitakavyokuwa wazi, na hapo ndipo kitakapokutoboa paja.

Pitisha kiganja polepole juu ya ufa ambamo bapa limelala. Ncha isisikike hata kidogo. Ikitokeza hata kwa nusu milimita, siku moja utaingiza mkono mfukoni kutafuta chenji na utaikuta.

Sasa kigeuze ufa ukutazame. Bapa linatakiwa kulala katikati, nafasi ya kushoto ikilingana na ya kulia. Likiegemea upande mmoja kidogo, vumilia kama kisu ni cha bei ndogo. Likigusa bamba, kila ukifungua litajikwaruza, na mkwaruzo huo ni dalili kwamba tundu la pini limetobolewa kombo au mpini umekazwa bila uwiano.

Kinyanyue kwenye mwanga, dirishani au kwa tochi ya simu, utazame ubavuni mwa springi na mabamba. Kwenye kisu kilichotengenezwa kwa uangalifu, mwanga haupenyi kati ya springi na bamba, au unapenya kama uzi mwembamba sana. Ukiona mwanya unaoingiza ukucha, jua kwamba vipande vilikatwa kwa haraka na kubanwa hivyohivyo. Kipimo hiki hakihitaji ujuzi wowote, na ndicho kinachochuja visu vingi kwenye meza ya machinga.

Kisha kielekeze ufa chini, kishike imara, kitikise mara mbili tatu. Bapa libaki ndani.

Hatua ya 2: Kifungue polepole, usikilize

Fungua kwa mikono miwili, bila mbwembwe. Unatafuta mwendo ulio sawa mwanzo hadi mwisho. Ukisikia kama kuna mchanga ndani, inaweza kuwa ni vumbi la kiwandani ambalo tone la mafuta litaliondoa, lakini pia inaweza kuwa kitako cha bapa hakikusuguliwa. Kwa muuzaji huwezi kujua ni lipi, basi omba kisu cha pili cha aina ileile ulinganishe. Ombi hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana. Ukipewa vitatu na vyote vitatu vina mwendo tofauti, kiwanda hicho hakina anayekagua.

Kisu cha springi ya mgongo kina sauti yake. Kikifunguka kikamilifu hupiga "ta!" fupi na kavu, na kikifungwa bapa hunyakuliwa na springi sentimita ya mwisho na kupiga tena. Sauti nzito isiyo na pumzi, kama mlango uliolowa, ina maana springi ni dhaifu. Ugumu uliopita kiasi nao si sifa. Kama lazima uvunje ukucha kukifungua, siku mikono ikiwa na maji au mafuta kitakuponyoka.

Ndani ya kiungo, kati ya kitako cha bapa na bamba, visu vizuri vina wosha za shaba au gololi ndogo. Vya bei ya chini huwa na wosha za plastiki, ambazo si mbaya, au hazina kitu kabisa, chuma kinasagana na chuma. Chungulia ukingoni, utaona rangi ya shaba kama ipo.

Hatua ya 3: Je, bapa linacheza?

Hapa ndipo penye hukumu. Kisu kikiwa wazi, shika mpini kwa mkono mmoja na kwa vidole viwili vya mkono mwingine ubane bapa upande wa mgongo karibu na ncha, mbali na makali. Sukuma kushoto na kulia. Kisha sukuma juu na chini.

Kucheza kwa kushoto na kulia kunatokana na kiungo kilicholegea. Kama kiungo kimefungwa kwa skrubu, muombe muuzaji aikaze kidogo. Ikitulia na bapa likaendelea kuzunguka vizuri, tatizo limekwisha. Ikiwa ukikaza bapa linakuwa zito, ukilegeza linacheza, na hakuna mahali pa katikati, basi nyuso za ndani hazikunyooshwa. Kama kiungo ni cha ribiti, yaani pini iliyogongelewa, huna cha kukaza. Fundi mzoefu anaweza kuipiga ribiti nyundo kidogo ikabana, lakini kisu kipya kinachohitaji nyundo siku ya kwanza kirudishe mezani.

Kucheza kwa juu na chini ni habari nyingine. Maana yake loki au springi haikai sawasawa nyuma ya kitako cha bapa, na kila ukikandamiza kukata pengo hilo linapigwapigwa na kuongezeka. Hapo usijadili bei. Muuzaji atakwambia "vyote viko hivyo, bosi." Havikuwa hivyo.

Hatua ya 4: Loki

Loki ziko za aina nyingi, na kila moja ina mahali pake pa kutazamwa.

Kisu kisicho na loki hutegemea springi ya mgongo peke yake. Visu vingi vya Victorinox vya ukubwa wa kati viko hivyo, na vimefanya kazi vizazi na vizazi. Karl Elsener, mwanzilishi wa kampuni hiyo, alifungua karakana yake Ibach, Uswisi, mwaka 1884, akaanza kulipelekea visu jeshi la nchi hiyo mwaka 1891. Kwenye kisu cha namna hii unachopima ni springi: fungua bapa nusu, uliachie, uone kama linajua linakokwenda. Halafu kumbuka wakati wa kazi kwamba ukichoma kwa ncha, litajikunja. Kisu hicho kinakata kwa kuvuta.

Loki ya pete ni ile ya Opinel, kisu cha mbao cha wakulima wa Savoie huko Ufaransa. Joseph Opinel alianza kukitengeneza mwaka 1890, na pete yenyewe iliongezwa mwaka 1955. Ni bomba fupi la chuma lenye ufa, linazunguka shingo ya mpini. Bapa likiwa wazi unaizungusha pete, ufa unahama, bapa halina pa kurudi. Ni loki rahisi kuielewa na rahisi kuikagua kwa macho. Pete iwe na ukinzani inapozungushwa. Ikizunguka kwa kupulizwa, imelegea. Kasoro ya kisu hiki ni mbao: mpini ukilowa huvimba na kulibana bapa. Wenyewe wana njia yao, wanagonga kitako cha mpini mezani hadi mgongo wa bapa uchomoze, wanalivuta. Anayeishi Tanga au Mombasa atagonga mara nyingi wakati wa masika.

Loki ya mgongo ni wenzo mrefu uliolala juu ya mpini, wenye jino linaloingia kwenye pengo la kitako cha bapa. Ilipata umaarufu mkubwa kampuni ya Buck ya Marekani ilipotoa modeli yake ya 110 mwaka 1964. Unaifungua kwa kubonyeza wenzo nyuma. Itazame kisu kikiwa wazi: mgongo wa bapa na wenzo vikutane vikiwa usawa mmoja, kama mbao mbili zilizorandwa pamoja. Wenzo ukiwa umesimama juu zaidi, jino halijaingia hadi mwisho. Mara nyingi sababu ni uchafu ndani ya pengo. Safisha kwa kijiti cha kuchokolea meno, pima tena.

Loki ya bamba ndiyo utakayoikuta kwenye visu vingi vya kisasa vya kufungua kwa kidole gumba. Bamba moja la ndani limepindwa kidogo, hivyo bapa likifunguka hujisogeza lenyewe na kusimama nyuma ya kitako. Tazama ndani ya mpini uone linasimama wapi. Gawa unene wa kitako kwa macho mafungu manne. Kwenye kisu kipya bamba lisimame kati ya robo ya kwanza na nusu. Likigusa kwa ncha tu, linaweza kuteleza. Likiwa limeshafika upande wa pili, kisu kimezaliwa mzee, kwa sababu msuguano wa kila siku hulisogeza bamba upande huohuo na hakuna nafasi iliyobaki. Kisu kilichonikata kilikuwa cha loki hii, na bamba lake lilikuwa jembamba kama kipande cha kopo.

Na kuna Okapi. Wengine wameiona kwa babu zao: mpini wa mbao uliopindika wenye nyota na miezi, pete ya chuma mgongoni, na mlio wa "kra-kra-kra" unapofunguliwa. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya soko la makoloni yake ya Afrika, ikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo, na leo inatengenezwa Afrika Kusini. Mlio ule ni meno ya kitako yakirukia kwenye springi. Unaifunga kwa kuvuta pete. Okapi haikupambwa kwa ustadi, mianya ipo, na bapa hucheza kidogo. Naisamehe, kwa kuwa haijidai kuwa kitu kingine.

Sasa jaribio la loki yoyote. Kwanza toa vidole vyote kwenye njia ya bapa: bana mpini kwa ubavu, kiganja upande mmoja na gumba upande wa pili, pasiwe na kidole kinachozunguka ufa. Egemeza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza, kandamiza taratibu, ongeza nguvu kidogokidogo. Loki nzuri haitoi sauti wala haisogei. Usigongegonge mgongo mezani kama wanavyofanya baadhi ya watu kwenye video. Unaweza kuharibu loki nzima, na kisu bado si chako.

Hatua ya 5: Bapa

Kielekeze kisu mbali nawe, ncha mbele, ulitazame bapa kama fundi seremala anavyotazama ubao. Mstari wa mgongo unyooke. Kisha geuza utazame makali: ule mkanda mwembamba ulionolewa uwe na upana unaolingana pande zote mbili, na usipanuke ghafla karibu na ncha. Mkanda mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine unaonyesha mnoaji aliyechoka. Hii haitakuumiza, lakini utahangaika nayo kwenye jiwe.

Tafuta doa la bluu au la kahawia kwenye makali, hasa nchani. Hiyo ni alama ya joto. Mashine ya kunolea ikishinikizwa sana huchoma chuma, na chuma kilichochomwa hivyo kinakuwa laini. Kisu chenye doa hilo kitakuwa butu upesi hadi unoe na kuvuka sehemu iliyoungua.

Hapa nirudi kwenye gazeti la muuzaji. Mnoaji akimaliza upande mmoja na kugeuza, hubaki uzi mwembamba mno wa chuma kwenye ukingo, usioonekana kwa jicho. Ukiachwa bila kuondolewa, uzi huo unakata karatasi kwa namna ya kushangaza, kisha unapinda baada ya kukata maboksi mawili. Ndiyo maana kisu hukata dukani na kugoma nyumbani. Kuutambua, pitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe si kwa kufuata urefu wake. Upande mmoja utakwaruza ngozi na wa pili utateleza.

Unene nao unawadanganya wengi. Bapa nene linaonekana la kiume, lakini kisu hukata kwa wembamba ulio nyuma ya makali. Opinel namba 8 ina bapa la sentimita 8.5 lisilofika milimita 2 kwa unene, na linapita kwenye nyanya kama halina kazi. Bapa la milimita 4 litaipasua karoti vipande viwili kabla halijaikata. Kwa matumizi ya kawaida milimita 2 hadi 3 zinatosha.

Ukichagulishwa kati ya makali laini na makali yenye meno kama msumeno, chukua laini. Meno yanakata kamba vizuri yakiwa mapya, ila kuyanoa ni kazi ya mtu mwenye vifaa.

Hatua ya 6: Chuma

Kilichoandikwa kwenye bapa mara nyingi ni maneno tu. "Stainless" na "Inox" yana maana moja: chuma kisichoshika kutu kwa urahisi. "Rostfrei" ni Kijerumani cha neno hilohilo, na halithibitishi kwamba kisu kimetoka Ujerumani. Nambari "440" bila herufi nayo haisemi mengi, kwa kuwa kuna 440A, 440B na 440C, zikipanda kwa kiasi cha kaboni, na anayetumia C hasahau kuiandika. Jina "Solingen" linalindwa na sheria ya Ujerumani kwa visu vilivyotengenezwa kwenye mji huo, lakini mwenye kughushi hasomi sheria.

Kaboni ndiyo inayokipa chuma uwezo wa kuwa kigumu. Kromiamu ndiyo inayokikinga na kutu, na vyuma vya visu visivyoshika kutu huwa nayo kama asilimia 13 au zaidi. Kwa anayeanza, majina manne yanatosha. 8Cr13MoV ni chuma cha Kichina cha bei nafuu, kinanoleka kirahisi, hakidumishi makali sana. 14C28N ni cha Sweden, na kwangu ndicho bora kwa pesa ya kawaida. D2 kinadumisha makali, lakini kromiamu yake ni kama asilimia 12 na sehemu kubwa imefungwa ndani ya chembe ngumu, hivyo kinashika kutu kwa mtu wa pwani asiyefuta kisu. Mwisho ni chuma cha kaboni tupu, kama cha Opinel za kizamani. Kinakuwa cheusi ukikatia ndimu au kitunguu, kinanoleka kwa raha, na kinataka kukaushwa kila mara.

Ila jina la chuma ni nusu ya habari, pengine chini ya nusu. Chuma hupashwa moto hadi kiwe chekundu, kikazamishwa ghafla ili kikaze, kisha kikapashwa tena kwa joto dogo ili kisiwe cha kuvunjika kama kioo. Anayekosea hatua hizi ataharibu chuma chochote. Buck wanatumia 420HC, chuma ambacho wajuzi wa mitandaoni hukicheka, lakini wanakikaza vizuri na visu vyao vinafanya kazi. Ugumu hupimwa kwa mizani ya Rockwell, na visu vingi vya mfukoni viko kati ya 54 na 61. Victorinox wanakaza bapa hadi 56, mkasi 53, na springi 49 tu, kwa sababu springi ngumu kama bapa ingekatika. Mtu akikuuzia kisu cha bei ya soda na kukwambia ugumu ni 65, mwachie.

Kuhusu sumaku: utaambiwa chuma kisichoshika kutu hakivutwi na sumaku. Hiyo ni kweli kwa sufuria na vijiko vingi. Bapa la chuma lililokazwa, hata lisiloshika kutu, huvutwa. Kwa hiyo bapa la chuma linalokataa sumaku ndilo la kutilia shaka, maana yake limekatwa kwenye chuma cha sufuria ambacho hakikaziki kwa moto.

Hatua ya 7: Mpini

Ubane kama unataka kukata kitu kigumu, uukamue. Pembe kali utazisikia sasa hivi. Baada ya nusu saa ya kuchonga zitakuwa malengelenge. Mbao, pembe ya mnyama, plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo, alumini, vyote vinafaa. Pitisha ukucha mahali mpini unapokutana na bamba la ndani: usikwame. Uzito usikupumbaze, kwa kuwa wauzaji wanajua tunapenda kitu kizito na wengine hujaza mpini kwa chuma cha bure. Opinel namba 8 ina gramu 45 hivi.

Feki na mapambo

Michoro ya mawimbi kwenye bapa inayoitwa "Damascus" mara nyingi imechorwa kwa mwanga wa leza au kwa tindikali. Chuma kilichofuliwa kwa tabaka kweli kina mawimbi yanayovuka mgongo wa bapa na kuendelea upande wa pili. Mawimbi yakiishia ukingoni, ni picha.

Visu vya Laguiole navyo vina hadithi. Laguiole ni kijiji cha Ufaransa, na mtindo wake wa kisu chenye nyuki kwenye springi umeigwa na viwanda vya kila namna, ndani na nje ya Ufaransa. Nyuki si muhuri wa ubora. Kipime kwa kiungo kama kingine chochote.

Victorinox ya bandia huijui kwa rangi, unaijua kwa mkasi. Fungua mkasi wake mdogo ukate uzi mmoja, au karatasi laini ya chooni tabaka moja. Mkasi halisi unakata hadi nchani na kurudi wenyewe. Wa bandia unatafuna. Tazama pia maandishi kwenye kitako cha bapa kubwa: yawe yamegongwa wazi, yasiyopotoka, jina la kampuni pamoja na "Swiss Made".

Ukishafika nyumbani

Wiki ya kwanza ni ya majaribio, kama una risiti. Kata boksi la katoni vipande vyembamba kama hamsini, kisha rudi kwenye karatasi. Kisu cha wastani kitakuwa kimepungua lakini bado kinakata, kibovu kitararua. Chonga kijiti kikavu cha mwarobaini. Baada ya hapo rudia hatua ya 3, kwa kuwa kiungo kilichokazwa dukani kwa ajili yako kinaweza kulegea baada ya kazi ya kweli. Mwisho, tazama makali chini ya taa. Makali yaliyo mazima hayaonekani, ni mstari wa giza. Vinukta vinavyometa ni mahali palipopinda au kumeguka. Kupinda kunaonyesha chuma laini, kumeguka kunaonyesha kigumu kupita kiasi.

Kabla ya kukilaumu kisu, kinoe mara moja wewe mwenyewe. Kwenye jiwe lililolowa, inua mgongo kama milimita 6 hivi kwa bapa lenye upana wa sentimita 2, na upitishe pande zote mbili kwa idadi sawa. Makali ya kiwandani si kipimo cha chuma. Yako ndiyo kipimo.

Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo kila mwezi linatosha. Mafuta ya kupikia yanaganda na kunata, usiyatumie. Kwa anayeishi karibu na bahari, kisu kilichogusa maji ya chumvi kioshwe kwa maji baridi, kipigwe mswaki kwenye ufa, kikaushwe kikiwa wazi.

Na ujue sheria ya mahali ulipo kabla ya kukitia mfukoni. Uingereza, kwa mfano, inaruhusu kubeba bila sababu maalumu kisu cha kukunja kisicho na loki chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Chenye loki kinahitaji sababu ya msingi, hata kiwe kidogo. Huku kwetu askari anayekukuta nacho usiku klabuni hatakuuliza habari za machungwa. Ukisafiri kwa ndege kiweke kwenye begi la chini ya ndege tangu nyumbani. Mimi Opinel yangu ya kwanza niliisahau kwenye mfuko wa koti, na ilibaki kwenye boksi la plastiki la wakaguzi pamoja na viberiti na mikasi ya kucha, ikiwa imenolewa jana yake.